Soda ya Mama na Mtihani wa Uraia

Chechelesi, Isiolo
Jumapili, 2 Juni 2019

Tata Njambi,

Kabla hata sijakusalimia, shangazi yangu, wacha niseme, kwa sababu nikianza na salamu nitajificha nyuma yake mpaka karatasi iishe. Yule mtu aliyeunga mkono mulika mwizi, ile taa ndefu ya stendi, kwenye kikao cha wadi mwezi wa pili ni mimi. Sijawahi kumwambia mtu. Hata Ivy ninayekaa naye dawati moja hajui, na Ivy anajua mpaka saizi ya viatu vyangu.

Haya, sasa salamu. Habari za Merti? Joto je? Sisi tu wazima. Baba bado yuko Marsabit na watu wa barabara, anasema atakuja mwisho wa mwezi, lakini hajasema mwezi gani. Chapati za Mama mchana hazina wateja kwa sababu ya Ramadhani, lakini jua likishuka tu foleni inafika mlangoni kwa majirani, kina Batula. Paka amezaa tena chini ya kitanda changu. Wanne.

Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yangu iko kwa Mama mpaka nimalize kidato cha nne, na Mama husoma meseji zote, hata zile za kampuni ya simu. Hirbo wa gari la miraa ameahidi kukupa hii mkononi.

Sasa ile habari. Siku ile wewe ulikuwa mezani mbele ukiandika kumbukumbu, kwa hivyo nusu unaijua. Mama alikuwa na oda ya chapati za harusi, akaniambia, "Nenda unikalie. Usiseme kitu. Na soda yangu usiache huko." Nikaandika jina lake kwenye orodha, nikakaa nyuma kabisa. Mwenyekiti akaongea, Bwana Bedan wa duka la stendi akaongea sana, mimi nikawa naangalia kreti. Kobia alikuwa akigawa soda, akaniruka. Akampa wa kulia, akampa wa nyuma, ikabaki Fanta moja. Nilikuwa nimekaa saa tatu bila kufungua mdomo, Tata, na ile Fanta ilikuwa ya Mama. Nikainua mkono Kobia anione.

Mwenyekiti akasema, "Haya, yule pale nyuma ameunga mkono. Tufunge kwa maombi." Watu wakapiga makofi. Kumbe Bwana Bedan alikuwa amependekeza pesa za kioski cha maji cha Chechelesi ziende kwa taa ya stendi, na walikuwa wakingoja mtu mmoja tu wa kumuunga. Ningesimama niseme hapana. Sikusimama. Kobia akaniletea Fanta.

Mbona nakuambia leo? Kwa sababu bodi ya shule yetu imepitisha kwamba mwaka huu hakuna kupewa cheti cha kumaliza shule mpaka upite mtihani wa uraia. Maswali hamsini, upate thelathini na tano. Halafu kuna sehemu ya mdomo, na hiyo ndiyo ninayoiogopa. Unasimama mbele ya watu watano, unaeleza siku uliyoshiriki uamuzi wa umma, na unaonyesha karatasi ya kuthibitisha. Bila cheti hicho chuo cha uuguzi hawatanipokea. Ivy anasema, "Waheshimiwa wenyewe wafanye huo mtihani kwanza, tuone nani atabaki bungeni." Lakini Ivy anaweza kuongea hata na ukuta. Mimi uamuzi wa umma niliowahi kushiriki ni mmoja, na nilikuwa naitisha soda.

Tata, uliniona? Ulijua ni mimi?

Barua yako usitume kwa Mama. Mpe Hirbo, ampe Ivy dukani kwao.

Mtoto wa ndugu yako anayejificha,
Warigia


Merti
Jumatano, 19 Juni 2019

Warigia wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kando ya gari la Hirbo, na vumbi lote la Gotu likiwa bado juu ya bahasha. Habari zako? Habari za Ivy, mwambie ule mdomo asiutoe bure, autunze awe wakili. Habari za Batula na watu wake, Idd ilikwendaje? Hapa tulikula nyama ya ngamia siku tatu mfululizo, ya nne nikaota nina nundu. Baba yako mwambie dada yake anasema barabara ya Marsabit iliisha zamani, arudi nyumbani. Paka naye msalimie, na umwambie apumzike.

Mimi niko sawa. Ofisi yangu ina meza moja, kiti kimoja na mbuzi mmoja ambaye si wa ofisi lakini huingia kuanzia saa nne. Chai ya huku ni ya maziwa ya ngamia, ukiizoea hutaki nyingine. Simu hushika nikipanda kwenye kichuguu nyuma ya zahanati, na mtu wa miaka arobaini na sita hapandi kichuguu kila siku.

Kuhusu mtihani usitetemeke. Kaunti ni arobaini na saba, hiyo unajua tangu chekechea. Soma kazi za kaunti na kazi za serikali kuu, hapo watu huanguka. Soma Sura ya Sita, ya uongozi, ni fupi na hakuna anayeikumbuka. Kusema kweli sijui kama mtihani unaweza kumfanya mtu raia mwema. Mimi nimeandika kumbukumbu miaka saba, nimeona watu wanaojua kila kifungu na bado wanakalia viti vya wenzao. Lakini kujua si mzigo. Soma.

Sehemu ya mdomo, fanya mazoezi mbele ya wale paka wanne. Hawacheki.

Hirbo anapiga honi. Mambo mengine tutaongea.

Akupendaye hata kwenye joto hili,
Tata Njambi


Chechelesi
Jumapili, 14 Julai 2019

Tata,

Salamu nyingi. Baba alikuja akalala siku mbili, akarekebisha mlango, akarudi. Mlango sasa haufungi kabisa. Paka wawili wamechukuliwa na kina Batula, mmoja na mwalimu, mmoja tumebaki naye anaitwa Seneta kwa sababu hafanyi chochote.

Mazoezi mbele ya paka nimefanya. Walilala.

Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta jibu la swali langu, sikuliona. Kisha nikaona kitu kingine. Umesalimia Ivy, umesalimia Batula, umesalimia mpaka paka. Mama hukumsalimia. Kuna nini kati yenu? Nilipomuuliza alisema, "Shangazi yako ni mtu wa ofisi. Wa ofisi na wabaki ofisini." Akaendelea kukanda unga kana kwamba unga ndio uliomkosea.

Sasa sikia balaa nililojitafutia. Mama alinionea huruma nikisoma peke yangu, akasema yeye ataniuliza maswali akipika. Akasimamisha daftari langu kwenye debe la mafuta.

"Swali la kumi na mbili. Maji ya kunywa ni kazi ya serikali gani?"

"Ya kaunti."

Akaacha kusukuma chapati. "Ya kaunti? Na vile tumelaani Nairobi miaka hii yote! Nairobi watusamehe. Haya, Kifungu cha thelathini na tano."

"Kila raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali."

"Habari gani?"

"Yoyote. Kama kumbukumbu za mikutano."

Tata, nilitoa mfano wa Mwalimu Gedi kama kasuku, hata sikusikia ninachosema. Mama akaweka chini ule mti wa kusukumia. Akauliza polepole, "Kwa hivyo mimi, Kawira, muuza chapati, nikienda ofisini nikasema nataka kuona ni nani alituuzia maji kwa taa, hawawezi kunifukuza?"

Nikasema hawawezi. Ningesema nini, na ni swali la mtihani?

Tangu siku hiyo anajua katiba kuliko mimi. Anawauliza wateja. Mtu akiitisha chapati mbili anaulizwa kwanza kaunti yetu ina wadi ngapi. Na kila mkokoteni wa maji ukipita anaangalia ile nguzo ya mulika mwizi kule stendi na kusema, "Mwanga tunao. Sasa tunaona vizuri vile mitungi ni mitupu." Wamama wa huku wamekubaliana kwamba kikao kijacho cha wadi, tarehe ishirini na moja Septemba, waende wote, na Mama ndiye ataitisha kumbukumbu.

Na kumbukumbu hizo lazima zina jina la Kawira, kwa sababu ndilo nililoandika kwenye orodha.

Mwalimu Gedi alitufundisha kwamba kumbukumbu za kikao huwa si kamili mpaka zisomwe kwenye kikao kinachofuata na kuthibitishwa, na kabla ya hapo mtu yeyote aliyekuwepo anaweza kusimama aseme, hapa kuna kosa, parekebishwe. Nilipoandika hayo kwenye daftari niliyapigia mistari miwili. Maana yake mlango bado uko wazi kidogo. Lakini nani atasimama? Wewe, Tata, ukiandika barua tu kwa mwenyekiti, useme ulikosea, jambo liishe. Tafadhali. Andika wewe.

Wako,
Warigia


Chechelesi
Jumapili, 11 Agosti 2019

Tata,

Habari zenu na Idd njema kwa majirani zako. Nyama imekuja kutoka kwa kina Batula sahani mbili, Seneta ameshiriki. Tuko wazima. Shule zimefungwa, tunasoma nyumbani.

Nimengoja wiki nne. Hirbo anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma, ukaikunja, ukamwambia "Sawa." Sawa ni nini, Tata?

Ile sehemu ya kuandika tulifanya kabla ya kufunga. Nimepata arobaini na tatu. Ivy amepata thelathini na nne. Amekosa kwa alama moja na anarudia, analia na kutusi bodi kwa zamu. Sasa nimebakiza mdomo peke yake.

Barua zako naziweka ndani ya atlasi, ukurasa wa Amerika Kusini. Mama hana shida na Amerika Kusini.

Warigia


Merti
Jumatatu, 9 Septemba 2019

Warigia mtoto wangu,

Salamu. Mimi si mgonjwa, mbuzi wa ofisi ndiye aliugua na amepona. Mvua hakuna. Watoto wa majirani wanauliza kama ni kweli Isiolo mjini kuna taa ndefu kuliko mnara wa msikiti. Nimewaambia ipo.

Nimeanza kukuandikia mara nne. Hii ni ya tano, na nikiichana sina karatasi nyingine.

Nilikuona. Nilikuona kabla hata hujainua mkono, ukimfuata Kobia kwa macho kama mtu anayefuata gari lake lililoibiwa. Nilijua unaitisha soda. Mwenyekiti aliponigeukia akauliza, "Umeandika aliyeunga mkono?" ningesema, ngoja kwanza, tumuulize yule msichana. Ilikuwa saa nane, sijala, watu walikuwa wamechoka na Bwana Bedan alikuwa ameanza kuongea tena. Nikaandika. Na jina la Kawira lilikuwa kwenye orodha kwa sababu ni mimi niliyekuambia mlangoni, "Andika tu la mama yako, ni kitu kimoja." Hilo umelisahau au umeniachia, sijui. Si kitu kimoja. Kwa kazi yangu nilijua si kitu kimoja.

Wiki iliyofuata mama yako alikuja ofisini. Tumekula chungu kimoja na Kawira miaka kumi na tisa. Aliketi akaniuliza, "Njambi, nani huyo aliyeunga mkono?" Ningemwambia ni wewe, angekuchapa kwa maneno mpaka Krismasi. Ningemwambia karatasi inasema nini, angeuliza imekuwaje, na ningekuwa mimi wa kujibu. Nikamwambia ni siri ya ofisi. Hakuna siri kama hiyo, wewe umesoma, unajua. Akaniangalia, akasema, "Kumbe na wewe wamekununua." Akatoka. Hakurudi kuchukua mwavuli wake.

Uhamisho wa Merti niliuomba mwenyewe. Mwavuli ninao huku.

Ndiyo maana simsalimii. Nikiandika jina lake kalamu inasimama.

Nimekutumia karatasi nyingine ndani ya bahasha hii, yenye sahihi yangu, inayosema kwamba aliyeinua mkono hakuwa Kawira na hakuwa anaunga mkono chochote. Mpe mwenyekiti asubuhi ya kikao, uketi. Sitaki usimame. Kosa ni la mkubwa, na mkubwa ndiye alirekebishe.

Hirbo anaondoka Alhamisi. Utaipata mapema.

Tata Njambi


Chechelesi
Jumapili, 22 Septemba 2019

Tata Njambi,

Habari za Merti? Pole kwa mbuzi. Hapa tuko wazima, au nusu wazima. Nakueleza.

Barua yako nimeipata jana jioni, Tata. Gari la Hirbo lilikatika springi pale Gotu, akalala huko siku nane akingoja fundi, na bahasha yako imelala naye ndani ya koti. Kikao kilikuwa jana asubuhi.

Kwa hivyo nilienda bila karatasi yako. Nilijua tu hujajibu. Nilikaa nyuma, mahali pale pale. Niliandika jina langu mwenyewe kwenye orodha, yule karani mpya akaniuliza, "Wewe ni nani?" nikasema, "Warigia," akasema, "Ongeza sauti." Nikafikiri, kama hata jina langu halisikiki, leo ni siku ya kufa.

Wamama wa Chechelesi walijaa safu tatu. Mwalimu Gedi pia alikuwepo, anaishi huku. Mwenyekiti hajaketi vizuri Mama akasimama na leso yake nzuri. "Mwenyekiti, kwa Kifungu cha thelathini na tano cha katiba, tunaomba tusomewe kumbukumbu za mwezi wa pili." Watu wakageuka kumwangalia. Hata mimi nilijivuna kidogo.

Karani akasoma. Akafika pale. "Aliyependekeza, Bwana Bedan. Aliyeunga mkono, Bi. Kawira."

Tata, safu zote tatu za wamama zikamgeukia Mama.

"Kawira gani?" Mama akauliza.

"Kawira ni wangapi hapa?" mwenyekiti akasema. "Si jina lako hili kwenye orodha?"

"Mimi? Siku hiyo nilikuwa na chapati mia mbili jikoni!"

Mama Batula, ambaye ameketi na Mama kila jioni tangu nizaliwe, akasogea kidogo kwenye benchi. Kidogo tu. Mwingine nyuma yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe tulikuwa tunamfuata mwizi kumtafuta mwizi." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alibaki amesimama akiangalia ile karatasi kana kwamba ni mtoto wake amemtukana. Akanyoosha leso.

Nikasimama. Usiniulize vipi. Sikuinua mkono, mkono siuamini tena.

"Mwenyekiti, kuna kosa hapo. Ni mimi."

"Sauti!"

"Ni mimi! Nilikaa mahali pa Mama, na nikainua mkono kwa sababu Kobia aliniruka na soda!"

Kobia alikuwa pale pale mlangoni na kreti. Akasema, "Ni ukweli, nilimruka, lakini nilirudi nikampa." Hapo ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka Bwana Bedan akatoa kitambaa. Mimi sikukaa. Nilingoja wamalize, nikasema yale mengine, kwamba kwa hivyo hakuna aliyeunga mkono, na kumbukumbu zirekebishwe kabla hazijathibitishwa. Sauti ilikuwa yangu lakini kama inatoka kwa jirani.

Wakabishana saa nzima. Bwana Bedan akasema taa haiwezi kung'olewa, na ni kweli, hakuna aliyetaka kuing'oa. Mwishowe wakaandika kosa langu pembeni, kioski cha maji kikarudishwa kwenye yatokanayo, kiwe cha kwanza kwa mpango wa mwaka ujao. Mama Batula akapendekeza. Mwenyekiti akauliza nani anamuunga mkono, kisha akaninyooshea kidole, "Wewe, sasa hivi, ni mkono au ni soda?" Nikasema kwa mdomo, "Naunga mkono." Nimeandikwa. Jina langu kamili, na mhuri, na nakala nikapewa.

Mwalimu Gedi alinikuta mlangoni. Yeye ni mmoja wa wale watano wa mtihani wa mdomo. Akaiangalia nakala yangu, akasema, "Warigia, Alhamisi njoo tu kutia sahihi. Ya mdomo umeshafanya." Ivy anasema sasa kila mtu atataka kufanya makosa apite.

Hiyo ndiyo habari nzuri.

Mama hakuningoja. Alitoka na wamama, mimi nikarudi peke yangu. Jana jioni alipika, akanipakulia, akalala. Leo ameenda kanisani na hajarudi, na ibada iliisha zamani. Nimesoma barua yako mara mbili. Ile sehemu ya mwavuli mara tatu. Sikujua, Tata. Nilidhani ninaficha peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, na wewe ndiye uliyelipa kwa kuhama. Na ulisema nisisimame. Springi za Hirbo zimekukatalia. Kama bahasha ingefika ningeitoa, ningeketi, na Mama angebaki amesimama peke yake.

Karatasi yako yenye sahihi sijampa mwenyekiti. Haihitajiki tena kule. Nimeiweka hapa mezani pamoja na barua zako zote, nimezitoa Amerika Kusini. Nadhani kuna mtu mwingine anayefaa kuisoma.

Ngoja. Lango limelia.

Ni yeye, hizo ni ndara zake, ya kushoto huburuta. Anaongea na Seneta, anamwambia atoke njiani. Sauti si ya hasira, au sijui. Mlango haufungi, kwa hivyo hatabisha.

Kwa kawaida hapa ndipo ningeisukuma karatasi ndani ya atlasi na kufungua kitabu cha hesabu. Atlasi iko hapa, karibu na kiwiko. Siigusi.

Nimeacha nafasi hapa chini, Tata, na kalamu iko juu yake. Akitaka kukusalimia.

Warigia